Bingwa Asiye na Jina

Mwaka 1994 yalifanyika huko Ujerumani, katika miji ya Berlin na Munich, maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania. Jina la Kijerumani la kitabu chake lilisifu kazi bora. La Kiswahili lilikuwa "Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika". Tofauti hii si ndogo: Kijerumani kilitaja vitu, Kiswahili kilitaja watu. Lakini wengi wa mabingwa hao hawajulikani.

Kitazamwe kiti cha enzi cha Wanyamwezi kutoka Buruku, Unyanyembe, kilichohifadhiwa Berlin. Egemeo lake ni refu, na umbo la mtu limechongwa upande wake wa nyuma, wasikoliona waliokaa mbele ya mtemi. Je, lilikusudiwa kumlinda mtemi, au kuwaambia neno waliosimama nyuma yake? Mwandalizi wa maonyesho hana ila kukisia.

Mchongaji wa leo wa Tabora aweza kuulizwa. Kwa hiyo mazungumzo yake na mwandalizi si adabu ya siku ya ufunguzi tu. Yafaa yaandikwe kwa lugha aliyoisema, Kinyamwezi au Kiswahili: jina lake, mti aliouchagua, aliyemfundisha, na kusudi lake.

Habari za misafara iliyopita Tabora baina ya Bagamoyo na Ujiji zimejaa majina ya wasafiri. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, mara nyingi wametajwa kwa hesabu tu. Maonyesho yasiyomtaja mchongaji yafuata njia ile ile, na neno "bingwa" hubaki sifa isiyo na mwenyewe.