Maji Katika Pumzi ya Injini

Ngomo niliijua kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Baba alikuwa shofa wa lori, na likizo zikifika aliniketisha katikati, mimi na yeye na konvwayeri wake, yaani utingo, tukitoka Uvira na shehena iliyoshushwa kwenye bandari ya Kalundu. Bonde la Ruzizi lilinipita usingizini. Tukishaiacha Kamanyola barabara ilianza kupanda mlima wa Ngomo, mngurumo ukawa mzito, konvwayeri akaruka chini na gogo lake begani, tayari kulitia nyuma ya gurudumu lori likianza kurudi nyuma. Siku moja nikauliza kama lori linaumwa. Baba akasema, "Haliumwi. Linatafuta pumzi."

Alisema kweli kuliko nilivyoweza kuelewa. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu karibu 1,460. Hapa Bukavu, kando ya Kivu, ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam, karibu sehemu moja kati ya sita ya hewa haipo. Mtu hulizoea hilo baada ya siku chache. Injini haizoei. Mazutu, yaani dizeli, utaimiminia utakavyo, lakini pasipo hewa ya kutosha yatatoka nyuma yakiwa moshi mweusi, fedha yako ikipaa juu ya migomba ya Nyangezi.

Turbo ilikuja kuitibu njaa hiyo. Moshi unaotoka unazungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo, kwa mhimili mmoja, linazungusha jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Supachaja ni ndugu yake. Yenyewe huendeshwa na nguvu ya injini, mara nyingi kwa mkanda. Zote mbili zina tabu moja. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo anakumbuka pampu inavyopata moto kiganjani: hewa ikibanwa, inapata joto. Hewa ya nyuzi 20 ikibanwa hadi mgandamizo wake uwe maradufu, hutoka kwenye turbo ya kawaida na nyuzi zaidi ya 100. Na hewa ya moto hutanuka, ikaingia kidogo kuliko ulivyotarajia. Mlima unazidisha ubaya. Kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi, turbo inalazimika kubana zaidi ili kufikia kiasi kilekile, na joto linapanda pamoja nayo. Intakula, ile radieta ya hewa iliyowekwa mbele, inategemea upepo wa mwendo. Lori linalopanda Ngomo kwa kasi ya mama aliyebeba kapu la mihogo lina upepo gani?

Basi kuna watu waliofikiria maji, na fikra hiyo naipenda kwa ushujaa wake. Maji ndiyo adui wa kwanza ambaye kila konvwayeri hufundishwa kumwogopa. Hayabaniki. Yakijaa ndani ya silinda na pistoni ikapanda, chuma kinapinda. Lakini yavunje yawe laini kama ukungu, uyapulize ndani ya hewa ya moto, nayo yatageuka mvuke, na katika kugeuka yatanyonya joto. Gramu ya maji hunyonya karibu mara sita ya gramu ya petroli. Kwa kila kilo ya hewa, gramu 20 tu zikiyeyuka zote zinatosha kuipoza kwa nyuzi 40 na ushei. Katika injini ya petroli faida inaonekana papo hapo, kwa sababu joto ndilo linalofanya petroli ilipuke yenyewe mahali ambapo cheche haijafika, ule mlio kama wa vyuma kugongana ambao fundi akiusikia hukunja uso. Kwenye dizeli mlipuko wa namna hiyo si tatizo. Huko maji hupunguza ukali wa moto, na gesi chafu za naitrojeni hupungua pia.

Mhungaria Donát Bánki aliyatumia maji hivyo mwishoni mwa karne ya 19. Vita vya Pili vya Dunia viliipeleka fikra hiyo angani: ndege ya Kimarekani P-47 ilipanda kutoka nguvu ya farasi 2,000 hadi 2,300 kwa maji, na Wajerumani walikuwa na mchanganyiko wao wa MW 50, nusu maji nusu methanoli, ambao rubani aliruhusiwa kuutumia kwa dakika 10 tu mfululizo. Mwaka 1962 Oldsmobile waliuza Jetfire, gari dogo lenye turbo na tangi la methanoli na maji yaliyokenekwa. Wenye magari wengi walisahau kujaza tangi. Likikauka, gari lilijipunguzia nguvu lenyewe, nao wakaona limeharibika. Simlaumu mhandisi. Alitengeneza chombo kinachodai mtu wa kukiangalia, akakikabidhi kwa watu wasiotaka kuangalia.

Watu wa kuangalia ninao mimi, huku Kadutu, Bukavu. Fundi aliyenifundisha kuyaona haya hana karakana ya kujivunia: mabati, shimo, na meza iliyolowa grisi. Lori likiletwa linatoa moshi mweusi mlimani, hakimbilii kufungua turbo. Anaziba njia ya hewa, anaijaza upepo, kisha anapaka maji ya sabuni kwenye kila mpira na kila kiungo, polepole, kwa brashi ya kupakia rangi. Povu likichemka mahali, hapo ndipo pumzi inapovuja. Nimemwona akitumia saa nzima kwa tundu lisilotosha kupitisha sindano.

Nilimuuliza kwa nini asipulize maji ndani, kama zile ndege. Akaniangalia.

"Mwanangu, nozeli ya kutoa ukungu iko wapi? Nikitia tone badala ya ukungu, nimeua moteri ya mtu mwenye watoto shuleni."

"Kwa hiyo haiwezekani, Papa?"

"Nimesema sina nozeli. Sikusema haiwezekani."

Alichofanya ni kuyaleta maji mpaka mlangoni. Alichukua pampu ya kunyunyizia kioo, akavuta mpira mwembamba hadi kwenye uso wa intakula, akatoboa tundu kwa sindano ya moto, na swichi akaifunga karibu na usukani. Hewa iliyo ndani inapoa bila kuguswa na tone. Na maji ni ya mvua peke yake, yaliyokingwa chini ya bati. Ya ziwani hayataki. Maji ya Kivu yana chumvi nyingi za madini. Yakikauka juu ya mapezi ya intakula huacha ukoko mweupe, na ukoko ule ni blanketi: unazuia joto lisitoke. Hilo hakulisoma popote. Aliliona ndani ya birika la mke wake.

Mwaka jana nilipanda naye kutoka Kamanyola, kujaribu lori alilolimaliza. Jua lilikuwa kali, na konvwayeri, kijana mdogo kuliko nilivyokuwa mimi, alikwisha kushuka na gogo lake. Kwenye kona kali ya pili sauti ikaanza kuwa nzito. Fundi hakugusa swichi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, akisikiliza, na shofa naye akimsikiliza yeye. Tukapita kona. Sauti ikashuka tena kidogo, chini ya pale ambapo mimi ningeisikia, na hapo ndipo alipobonyeza, akahesabu kwa midomo mpaka tano, akaachia.

Mbele yetu mvuke ukapanda kutoka kwenye grili, ukachukuliwa na upepo kuelekea bondeni.