Waik wa Darasani na Waik wa Kaabong

Muhula wangu wa kwanza chuoni nilisoma kozi ya utangulizi wa anthropolojia. Sikuichagua kwa mapenzi. Sisi wa Kiswahili na fasihi tulitakiwa kuchukua kozi moja kutoka idara nyingine, na siku niliyokwenda kujiandikisha, kozi ya historia ilikuwa imeshajaa. Nikaingia anthropolojia pamoja na wenzangu karibu mia mbili, katika ukumbi ambao kipaza sauti chake kilisema leo na kunyamaza kesho.

Natangulia kusema hivyo ili msomaji asinidhanie mtaalamu wa fani hiyo. Nia yangu ni kuhakiki kitabu kimoja tulichopewa humo, The Mountain People cha Colin Turnbull, na kuhakiki pia namna tulivyofundishwa kukisoma. Nimejaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili nikashindwa.

Kitabu kilitufikia wiki ya tatu, kwa njia ambayo vitabu vyote hutufikia. Mhadhiri alimpa kiongozi wa darasa nakala yake, kiongozi akaipeleka kwa dada wa fotokopi pale getini, na sisi tukapanga foleni tukanunua. Zilikuwa sura mbili. Jalada halikutolewa fotokopi, wala ule ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa, kwa kuwa kila ukurasa ni pesa. Kwa hiyo tulisoma habari za Waik bila kujua kwamba kitabu kilitoka mwaka 1972, na kwamba yaliyomo yalionwa katikati ya miaka ya 1960. Tuliyasoma kana kwamba ni habari za mwaka jana.

Kwa wasiowajua, Waik ni watu wachache wanaoishi milimani kaskazini-mashariki mwa Uganda, wilaya ya Kaabong katika Karamoja, karibu na pale nchi yetu inapokutana na Kenya na Sudan Kusini. Turnbull alikuwa Mwingereza aliyekwisha kujipatia jina kwa kitabu chake cha 1961, The Forest People, kuhusu Wambuti wa msitu wa Ituri huko Kongo. Wambuti aliwapenda, na mapenzi hayo yanaonekana katika kila sura. Alipofika kwa Waik alikuta ukame na njaa, na alichoandika ni kinyume cha kitabu cha kwanza. Watoto wa miaka mitatu wanatolewa nyumbani wakajitafutie. Vijana wanawapokonya wazee chakula kinywani. Mtu akianguka, wenzake wanacheka. Msichana mdogo anarudi tena na tena kwa wazazi wake kuomba chakula, na mwishowe wanamfungia ndani mpaka anakufa. Kwa Turnbull haya hayakuwa masaibu ya watu wenye njaa tu. Aliona humo sura ya binadamu wote: upendo ni vazi linaloweza kuvuliwa, na sisi wengine tumo njiani kuelekea walikofika Waik.

Swali la mhadhiri siku ile lilikuwa hili: je, utamaduni unaweza kufa na watu wake wakabaki? Ni swali zuri, sikatai, na tulilijadili saa nzima kwa hamasa. Mmoja wetu alisema kwamba watu wa Karamoja ndivyo walivyo. Mwingine akakumbusha ule msemo unaosikika sana hapa Uganda, kwamba nchi haitaisubiri Karamoja iendelee. Ukumbi ukacheka. Mimi pia nilicheka.

Mstari wa nne kutoka mbele alikaa kijana wa Kaabong ambaye mama yake ni Mwik. Hatukulijua hilo. Kwetu sisi yeye alikuwa "yule Mkaramoja", basi, kana kwamba Karamoja yote ni boma moja. Hakusema neno. Wiki iliyofuata hakuja, na ile iliyofuata pia, halafu nikasikia amebadili kozi. Siwezi kuapa kwamba ni kitabu kilichomwondoa, kwa sababu wakati huo sikujali hata kumwuliza. Mtihani ulipokuja nilichagua swali la Waik. Niliandika kurasa nne nikithibitisha kwamba njaa huua utu, nikapata alama 78, alama ya juu kuliko zote nilizopata mwaka ule.

Mwaka wa pili, katika kozi ya isimu, mwalimu wetu alikuwa akieleza jinsi lugha zenye wasemaji wachache zinavyoandikiwa kamusi. Akamtaja Bernd Heine, Mjerumani ambaye jina lake hujulikana na kila anayesoma isimu ya lugha za Kiafrika, akasema ndiye aliyeandika kamusi ya lugha ya Waik. Nilitega sikio. Baada ya kipindi nilikwenda maktaba, na haikuchukua nusu saa kuipata makala yake ya 1985 katika jarida la Africa, yenye habari alizokusanya kwa Waik mwaka 1983.

Heine anasema kwamba Waik aliowakuta walitofautiana na wa kitabuni kiasi kwamba nyakati nyingine alidhani anashughulika na watu wengine kabisa. Hoja zake ni za mtu wa lugha, na pengine ndiyo maana zilinigusa. Kwanza, Turnbull hakuijua vizuri lugha ya Waik. Lomeja, mmoja wa watu waliomfundisha lugha hiyo, hakuwa Mwik bali Mdidinga, na kwa maelezo ya waliomkumbuka aliongea lugha ya Waik kwa kuivunja-vunja. Pili, kati ya vijiji sita alivyovichunguza Turnbull, vitatu viliongozwa na watu wasio Waik. Tatu, kitabu kinawaonyesha Waik kama wawindaji waliofukuzwa katika bonde la Kidepo lilipofanywa mbuga ya taifa, wakalazimishwa kulima wasichokijua. Ni kweli kwamba mbuga iliwanyima mawindo. Lakini ushahidi wa lugha na wa utamaduni unaonyesha kwamba kilimo walikuwa nacho tangu zamani, kabla mbuga haijaundwa.

Hii hoja ya tatu si jambo dogo. Ukiiondoa, nguzo ya kitabu inayumba, kwa sababu hadithi yote ya Turnbull inasimama juu ya watu waliong'olewa kutoka katika maisha yao halisi wakageuka kuwa wanyama.

Lakini ile hoja ya lugha ndiyo niliyoikalia kwa muda mrefu. Chukua kicheko. Katika zile sura mbili Waik hucheka sana, na kila mara Turnbull anasikia ukatili. Kwetu Tororo, nyanya yangu aliteleza kwenye matope mwaka juzi akielekea kisimani. Aliyecheka kwanza alikuwa yeye mwenyewe, akafuata shangazi, nasi tukacheka huku tukimwinua. Mgeni aliyesimama kando ya njia, asiyesikia maneno aliyoyasema nyanya akiwa chini, angeandika nini katika daftari lake? Sisemi kwamba vicheko vyote vya kitabuni vilikuwa vya namna hii. Nasema Turnbull hakuwa na njia ya kuvitofautisha, na kitabu hakimwambii msomaji hivyo.

Haki ni haki, na sina budi kumtetea pia. Heine alifika karibu miaka ishirini baadaye, wala hakuiona njaa ile. Turnbull aliiona. Huenda mengi aliyoyaandika yalitokea kweli, maana njaa kali hufanya mambo ya kutisha popote duniani. Tena anaandika vizuri: unaposoma maelezo yake ya mabonde na ya miili iliyokonda huwezi kukiweka kitabu chini. Na hasira zake hazifichi, jambo ambalo waandishi wengi wa fani ile hulifanya. Anaposhindwa ni pale anaporuka kutoka kwenye yale ambayo watu wenye njaa hufanya kwenda kwenye vile watu wale walivyo, na kutoka hapo kwenda kwa binadamu wote. Mruko wa kwanza ulihitaji lugha ambayo hakuwa nayo. Mruko wa pili hauna ushahidi wowote wa kuubeba, lakini ndio uliokiuza kitabu. Mwaka 1975 Peter Brook alikitolea mchezo wa kuigiza mjini Paris, na watu wasioweza kuionyesha Kaabong kwenye ramani wakalijua jina la Waik kama jina la watu wasio na upendo.

Kuna jambo jingine, na hili sikulijua mpaka nilipokipata kitabu kizima, kwa kuwa halikuwamo katika sura zetu mbili. Turnbull aliona kwamba jamii ya Waik haiponi tena. Akapendekeza kwa serikali ya Uganda kwamba wakusanywe kwa nguvu na kutawanywa mbali mbali, kila kikundi kisizidi watu kumi, bila kujali nani ni ndugu wa nani, ili jamii yao ikome. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Fredrik Barth, mwanaanthropolojia wa Norway, alimjibu mwaka 1974 katika jarida la Current Anthropology kwa makala kali, akisema kitabu kinapotosha wasomaji na kinaweza kuwadhuru walioandikwa. Makala hiyo ina umri wa wazazi wetu. Iko maktaba, rafu ile ile.

Sasa ninauliza kuhusu kozi. Kozi ya utangulizi haiwezi kufundisha kila kitu, na mhadhiri wetu alikuwa na wiki kumi na tano, watu mia mbili na kipaza sauti kinachozimika. Hilo nalielewa. Lakini kama kulikuwa na nafasi ya sura mbili, ilikuwepo nafasi ya sura moja ya Turnbull na kurasa kumi za Barth au za Heine. Tungegharimika sawasawa pale getini. Tulichofundishwa badala yake ni kuwatumia Waik kama mfano. Swali letu lote lilihusu utamaduni, upendo na kifo. Hakuna aliyeuliza Turnbull aliongea na nani, na kwa lugha gani. Na tulikuwa darasa la Waganda, Kaabong iko siku moja au mbili kwa basi.

Okot p'Bitek alipitia jambo la aina hii miaka ya mwanzo ya 1960, alipokwenda Oxford kusoma anthropolojia. Anaeleza katika African Religions in Western Scholarship jinsi alivyowapinga wahadhiri waliowaita Waafrika washenzi, na jinsi upinzani wake ulivyopuuzwa. Turnbull naye alisoma huko huko Oxford. Tofauti ni kwamba Okot alikuwa mgeni katika ukumbi wa Waingereza. Ukumbi wetu ulikuwa wetu, mhadhiri wetu ni wa kwetu, na yule mwenzetu wa mstari wa nne alikaa kimya kuliko Okot alivyokaa.

Nilimtafuta mwaka huu. Anasoma kilimo. Tuliongea Kiswahili, kwa kuwa yeye hakijui Kiganda na mimi Kiganda changu ni cha sokoni, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha baadhi yetu tunaokisomea shahada. Nilimwomba radhi kwa kile kicheko. Alisema hakumbuki nani alicheka. Anachokumbuka ni kwamba usiku ule alipiga simu nyumbani, akataka kumwuliza mama yake kama mambo yale ni ya kweli, akashindwa kupata neno la kuanzia. Mama yake hajui kama kipo kitabu. Anachokijua ni kwamba tangu 2016 Waik wana jimbo lao na mbunge wao, na kwamba barabara bado ni mbaya.

Nilimpa nakala ya makala ya Heine. Akaniuliza nimelipa kiasi gani getini, nikamwambia aache, ndugu yangu, akaniwekea shilingi elfu mbili mezani hata hivyo. Likizo ya Krismasi aliipeleka nyumbani akamsomea mama yake, akitafsiri kwa mdomo kutoka Kiingereza. Alifika ukurasa wa tatu, mama akamsimamisha: na huyu Mzungu wa pili, alimwuliza nani? Akamtajia. Mama akataja jina la mtu mmoja ambaye Heine angepaswa kumwuliza, mzee wa kijiji cha jirani, ambaye sasa ni marehemu.

Nakala bado anayo. Anasema anaandika pembeni.