Kala Bora Hukaguliwa Kuanzia Chini

Anayechagua kala kwa weupe wa ua peke yake hudanganyika upesi, kwa kuwa hata mmea dhaifu hutoa ua jeupe mara moja. Ubora umo kwenye tunguu na kikonyo. Anza chini, malizia juu.

Aina. Kala nyeupe, Zantedeschia aethiopica, asili yake ni vinamasi na kingo za vijito vya kusini mwa Afrika. Hupenda unyevu na hustawi kwenye nyanda zenye ubaridi kama Limuru. Kala za njano, waridi na zambarau hutaka udongo usiotuamisha maji, na baada ya kuchanua zipumzike pakavu. Ukizimwagilia kama nyeupe, zitaoza.

Tunguu. Libonyeze kwa kidole gumba. Zuri ni gumu, zito, na macho yake yametuna. Likibonyea, likatoa ute na harufu ya uvundo, limeshaingiwa na bakteria wa kuozesha. Litupe mbali na bustani, wala usilitie kwenye mboji.

Majani. Kala ni jamii moja na magimbi, na zinaugua pamoja: virusi vya batobato vinavyoenezwa na vidukari hushambulia zote mbili. Epuka jani lenye michirizi ya manjano au lililojikunyata. Lakini vidoa vyeupe vilivyotawanyika kwenye majani ya baadhi ya kala za rangi ni urembo wao wa asili. Majani mapana kupindukia na maua haba ni dalili ya naitrojeni nyingi, punguza samadi.

Kikonyo. Kiwe kinene, kimenyooka, kikibeba ua bila kuinama. Kirefu na chembamba kimekulia kwenye kivuli kizito.

Ua. Kile cheupe si petali, ni jani lililogeuka. Maua yenyewe ni madogo mno, yamejipanga kwenye mhimili wa katikati: ya kiume juu, ya kike chini. Jani hilo lijiviringe vizuri kama karatasi ya muuza karanga, ukingo usiwe na hudhurungi. Chavua ikishadondokea weupe, ua limepita wakati wake. Ukijani unaorudi kwenye ua jeupe nao ni dalili ya uzee, isipokuwa kwa aina zenye ukijani wa asili kama Green Goddess.

Vuna likishafunguka, kabla chavua haijamwagika. Shika kikonyo karibu na udongo, kizungushe na kukivuta. Kwa kala nyeupe njia hii hufaa kuliko kisu. Utomvu wake huwasha vikali mdomoni, basi watoto na mifugo wakae mbali.

Ukikuta ua kubwa kwenye kikonyo kilegevu na dogo kwenye kikonyo imara, chukua mmea wa ua dogo. Ua kubwa litakupendeza wiki hii. Kikonyo imara ni ushahidi wa tunguu lenye afya, litakalochanua tena msimu ujao.