Acha mkono upumue: kufundisha mchezo bila kutoka ndani ya mhusika

Leo siongelei mihogo wala mbolea (mbolea itarudi kidogo, munivumilie). Nataka kuongea juu ya kitu yenye inanisumbua sasa miaka mitatu: ile michezo ya intaneti ya maandishi matupu, bila picha hata moja, ambamo watu wa mbali wanaandika pamoja hadithi moja, kila mtu na mhusika wake. Wanaiita MUD. Mimi niliingia humo juu ya umasikini tu. Mchezo wa picha unakula mega zote kwa nusu saa. Huu wa maandishi unatembea hata na mtandao wa kubahatisha, na telefone ya zamani inatosha.

Baadhi ya michezo hiyo iko na sheria moja kali: usitoke ndani ya mhusika. Kama wewe ni mchuuzi wa jangwani, unasema maneno ya mchuuzi wa jangwani. Hausemi "pointi", hausemi "seva", hausemi "amri". Mimi naipenda hiyo sheria, njo inafanya mchezo ukuwe kama kusoma kitabu ukiwa ndani yake. Lakini chini ya hadithi kuna mashine inahesabu: uhai uliobaki, nguvu ya silaha, sekunde za kusubiri. Mgeni anafika, hajui kitu. Mzee wa mchezo anapaswa kumfundisha mashine bila kuitaja. Namna gani? Hapo ndipo naona michezo mizuri na mibaya inatengana, kuliko hata kwenye uzuri wa maandishi yake.

Nianze na kifo changu. Mhusika wangu wa kwanza aliishi miezi minne, katika mchezo mmoja nisioutaja jina, ambamo kifo ni kifo: ukikufa, unaanza upya na mtu mwingine. Askari mmoja mzee alinipokea vizuri. Nikamuuliza kwa adabu: "Mzee, juu ya nini nikipiga mara ya pili mkono haufanyi kitu?" Akanijibu: "Mwanangu, sikiliza upepo kabla ya kupiga." Jibu tamu. Niliandika hata mu kaye. Usiku ule nikasimama mbele ya mnyama, nikasoma kila mstari wa hali ya hewa, nikingojea upepo ubadilike. Kumbe mzee alitaka kusema hivi: baada ya kila pigo mashine inakufunga sekunde chache, na amri yoyote utakayotuma kabla hazijaisha inatupwa. Nilikufa nikisikiliza upepo.

Nilipouliza baadaye nje ya mhusika, kwa maneno ya wazi, msimamizi aliniambia nisiwaharibie wengine hadithi. Miezi minne!

Sasa tuwe wakweli, tatizo hili ni la zamani. Mchezo wa kwanza wa namna hii ulizaliwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza: Roy Trubshaw aliuanza, Richard Bartle akauendeleza. Humo unapata pointi kwa kutupa hazina kinamasini. Ndiyo, unatafuta taji kwa jasho, halafu unalitupa kwenye matope. Jaribu kumweleza mgeni hiyo ukibaki ndani ya mhusika! Kanuni haina sababu yoyote ndani ya dunia ya mchezo, ni ya kumsaidia mwenye kuhesabu tu. Pale mwalimu hana la kufanya.

DikuMUD, kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilifanya kitu cha hatari zaidi: ilivalisha namba nguo. Iko na amri ya kumpima adui kabla ya kupigana naye. Mchezo unakujibu kwa sentensi ya mzaha, kama ile ya kusema sindano tu ingetosha kummaliza, au ile ya kukuita mwendawazimu. Unasoma, unafikiri mhusika wako amemtazama yule adui machoni, ameona silaha yake, ameona misuli. Apana. Katika programu ya asili ni kutoa tu: ngazi ya adui toa ngazi yako. Silaha haihesabiwi, jeraha lako halihesabiwi. Michezo mingi sana ilijengwa juu ya programu ile, na ikarithi tabia ile. Ndiyo maana humo unakuta wachezaji wanasema "mimi nimeona misimu ishirini na miwili" ili wasitamke ngazi ya 22. Huo sio uigizaji. Ni namba iliyovaa kanzu, na kila mtu anaona miguu ya suruali chini.

Linganisha na GemStone IV, ya kampuni ya Simutronics. Humo unachojifunza porini hakiingii mara moja: kinakaa kwanza kichwani, kinanyonywa pole pole, na kinanyonywa haraka zaidi ukirudi kukaa mjini. Mchezo unaipa hali hiyo maneno. Unakwambia akili yako iko safi, au imeanza kufa ganzi, au imejaa kabisa. Ukijaza, hata ukiendelea kuua, ni bure. Sasa mzee anaweza kumwambia mgeni, bila kuvunja kitu: "Mdogo wangu, kichwa chako kimejaa, twende tukae mjini kidogo." Hajaficha kitu, hajatania. Na hilo ndilo maelezo yote! Kila mwanafunzi aliyewahi kukesha akisoma anaelewa.

Achaea, iliyofunguliwa 1997, inafanya vizuri pia mahali penye mimi nilikufa. Ukipiga upanga unapoteza mizani ya mwili. Ukifanya kazi ya akili unapoteza utulivu wa akili. Mpaka virudi, unasimama. Mchezo wenyewe unakuandikia kwamba mizani imerudi. Kwa hiyo "subiri mizani yako" ni neno la askari na ni neno la mashine kwa wakati mmoja. Hata ngazi ziko na sura: anayefika ya 80 anaitwa Logosian, wa 99 anaweza kugeuka dragoni. Ukiona dragoni barabarani hauhitaji kuulizia namba.

Lakini siko na imani kamili hata kwa neno zuri, na hapa ndipo mbolea inarudi. Wakati wa stage yangu upande wa Walungu, mama mmoja alinionyesha shamba la mahindi, akasema: "Mwanangu, udongo umechoka." Neno la kweli kabisa, neno la ndani ya dunia yake. Lakini umechoka na nini? Majani ya chini yalikuwa yanageuka manjano kwanza, nikafikiri azoti. Shamba la jirani yake udongo umechoka vilevile, ila pale ni asidi. Mmoja anahitaji samadi, mwingine chokaa, na chokaa inapimwa kwa kilo. Neno moja limefunika magonjwa mawili. Kama ningebaki na lugha ya mama tu, juu ya heshima, ningemuumiza. Kama ningefika na lugha yangu ya auditoire tu, asingenisikiliza.

Wale wanaojiita walinzi wa hadithi wanasema: mwenye kuvumilia atajua mwenyewe. Mi nasema hiyo inamchuja nani? Mingi ya michezo hii ni ya Kiingereza. Mtu wa huko, mwenye lugha ile tangu utoto na mtandao usiokatika, anakisia fumbo kwa siku mbili. Sisi tunatafsiri fumbo kwanza, ndipo tunaanza kulikisia. (Halafu umeme. Ukikatika katikati ya mazungumzo, mhusika wako anabaki amesimama kama jiwe. Niliwaambia wenzangu ni ugonjwa wa ukoo wetu. Waliamini, wakaniletea mitishamba. Hiyo ni maelezo ya ndani ya mhusika niliyoyafanya vizuri kuliko yote!)

Wachezaji wengi wako na desturi ya mabano mawili: ukiandika ndani yake, unaongea kama wewe mwenyewe, nje ya mhusika. Walinzi wanayachukia. Mimi naona ndiyo mlango mdogo unaohitajika kwa vitu viwili: amri ya kuandika, maana hakuna askari duniani anayejua kibodi, na kitu chochote kinachoweza kuua mgeni moja kwa moja. Mengine yote, acha hadithi iyabebe, hata ikichukua wiki.

Mwaka jana alifika msichana mmoja, mhusika wake mganga, na nilikuwa sasa mimi ndiye mzee. Akauliza lile swali langu la zamani. Mhusika wangu akamjibu: "Acha mkono upumue, dada." Nikaongeza chini, mu mabano mawili: subiri sekunde nne kabla ya kutuma amri nyingine. Mzee mmoja alinilaumu mbele ya watu. Sikubishana, mega zilikuwa zinaisha.

Yule mganga yuko hai bado. Juzi nilimkuta kando ya moto na mgeni mwingine, anamwambia aache mkono upumue, halafu mabano mawili, sekunde nne, kwa Kiingereza kibovu kushinda changu.