Mkasi na Amana: Juu ya Video za Wapenzi wa Katuni za Kijapani

Mnamo mwaka 1982 kijana wa Kimarekani aitwaye Jim Kaposztas aliunganisha deki mbili za video, moja ya kucheza kanda na moja ya kurekodi. Akatoa katika katuni ya Star Blazers vipande vya mapigano makali kuliko vyote, akavibandika juu ya wimbo wa Beatles wa mwaka 1967, "All You Need Is Love". Mabomu yanalipuka, merikebu za angani zinavunjika, na huku wimbo unasifu mapenzi. Makusudio yalikuwa kuchekesha. Wapenzi wa katuni za Kijapani, ziitwazo anime, aghlabu humhesabu yeye kuwa wa kwanza katika sanaa inayowashughulisha leo vijana wengi mno duniani: kukata picha za katuni, kuziunga juu ya wimbo, kisha kupeana na kuzijadili. Wenyewe huziita AMV.

Suala la muziki wanazuoni wamelijadili tangu zamani, na msomaji wa kurasa hizi analijua, silirudii. Nataka kusema juu ya mkasi.

Kila aliyepita chuoni alionywa na mwalimu wake asikate pumzi mwisho wa aya ya nne ya Suratul Maun akanyamaza hapo. Akifanya hivyo, msikilizaji atadhani kwamba wanaosali ndio waliotishwa adhabu, kumbe aya zinazofuata ndizo zinazoeleza ni wenye kusali wa namna gani. Msomaji huyo hakuongeza herufi hata moja. Alilolisema lote limo kitabuni, na maana imepinduka.

Basi na tuitazame kazi hiyo ya 1982 kwa jicho hilo. Star Blazers asili yake ni Uchū Senkan Yamato, katuni ya Kijapani ya mwaka 1974, iliyotiwa maneno ya Kiingereza na kuonyeshwa Marekani kuanzia 1979. Ni hadithi ya dunia iliyoharibiwa kwa mabomu ya sumu kutoka sayari ya Gamilas, na ya merikebu moja iliyotumwa mbali kutafuta dawa. Vita vimo, tena vingi. Lakini karibu na mwisho, Gamilas imekwisha kuteketezwa na merikebu imeshinda. Katika ile ya Kijapani, shujaa Susumu Kodai anasimama mbele ya mahame yale na wala hafurahi. Anajuta. Anasema kwamba tangu utotoni walifundishwa kushindana na kushinda, ilhali lililowapasa wao na maadui wao ni kupendana. Bunduki anaitupa.

Je, umeona lililotokea? Mzaha wa kijana yule unasimama juu ya dhana kwamba picha zinasema vita na wimbo unasema mapenzi, na viwili hivyo havipatani. Kumbe katuni yenyewe ilikwisha kusema, kwa uchungu mkubwa kuliko wimbo, jambo lile lile la wimbo. Ukichagua mapigano peke yake, majuto yanabaki nje. Sisemi kwamba alikusudia uwongo. Mzaha ni mzaha, na kukata kwa deki ni kazi ya kutoa jasho: kusimamisha kanda, kuirudisha nyuma, kubonyeza kwa kukisia. Nasema tu kwamba aliyeijua Star Blazers kwa video ile peke yake ameijua kinyume.

Jambo hili, kwa kadiri nilivyowasoma wapenzi hao, si mara nyingi wanalijadili. Wao husifu mkato ulioangukia juu ya mdundo sawasawa, na mdomo wa mchoro uliofunguka pamoja na neno la mwimbaji. Hulaumu maandishi ya tafsiri yaliyoachwa chini ya picha. Dragon Ball Z iliyobandikwa nyimbo za Linkin Park waliichoka hata ikawa kichekesho baina yao. Haya ni maarifa ya fundi, nami siyadharau; wako mahodari ambao mikato yao ina adabu kuliko sinema nyingi za kulipia.

Kadhalika wanayo desturi nzuri ya kutaja jina la katuni na la mwimbaji, na aghlabu hawachukui fedha. Lakini kumtaja mwenye mali si kupewa ruhusa naye. Mwezi wa Novemba 2005 kampuni ya Wind-up Records iliutaka mtandao wa AnimeMusicVideos.org uondoe video zilizotumia nyimbo za wasanii wake, wakiwemo Evanescence, na wapenzi wengi walihuzunika. Madai yale yalikuwa ya wimbo. Wachoraji wa Kijapani, ambao maana yao ndiyo iliyokatwakatwa, hawakuwamo katika ugomvi huo.

Na sasa limetufikia sisi wenyewe. Wako vijana wa Kiislamu wanaoondoa ala za muziki na kuweka nasheed ya sauti tupu chini ya picha zile zile, wakaona kwamba shubuha imeondoka. Hatuwalaumu kwa kukimbia lenye shaka. Hilo ni jema. Lakini wasifu wanaouandika chini ya video hizo ni wa sauti: sauti nzuri, sauti safi, hakuna ngoma. Juu yake yuko mtu wa kuchorwa anayechinja watu kwa hasira, na sifa za Mwenyezi Mungu zinapita chini ya upanga wake. Hadithi iliyomleta, aliyedhulumiwa ndani yake, na kama mchoraji alimkusudia kuwa shujaa au onyo, vyote vimebaki nje ya sekunde arobaini walizozichagua.