Wekundu wa Chungu

Chungu cha Kiluo kitazame shingoni kwanza. Hapo ndipo mfinyanzi hupaka udongo mwekundu, kisha akausugua kwa kokoto laini mpaka ung'ae hata kabla haujaonja moto. Chini ya shingo hupita mchoro wa kamba: kipande cha kamba iliyosukwa huviringishwa juu ya udongo mbichi, kikaacha alama zinazofuatana bila kukatika. Tumboni mara nyingi kuna doa jeusi linalofifia taratibu hadi kuwa rangi ya tofali. Wanunuzi wa Suna na Homa Bay hugonga chungu kwa kidole wasikilize mlio, na wana haki. Lakini rangi nayo ina habari zake, na ujuzi ulioileta hauheshimiwi inavyostahili.

Kazi hii kwa Waluo ni ya wanawake. Ingrid Herbich, aliyefanya utafiti miongoni mwao na kuuchapisha mwaka 1987, alieleza jinsi wafinyanzi wengi wanavyojifunza baada ya kuolewa, wakifundishwa na mama mkwe. Hawatumii gurudumu. Udongo huchimbwa, huchambuliwa mawe na mizizi, hukandwa, kisha chungu hupandishwa kwa mikono miwili, pindo juu ya pindo. Hapo hutoka agulu ya kupikia, dapi ya maji, na dak, mtungi mkubwa wa pombe ambao wazee waliuzunguka kila mmoja na oseke yake, mrija wa kunywea, mdomoni. Na ufinyanzi katika nchi hii una umri mkubwa. Kwenye maporomoko ya Gogo, mto Kuja, wanaakiolojia wamechimbua vigae vya mitindo ya Kansyore na Urewe, vya kale sana kuliko kumbukumbu ya ukoo wowote unaoishi hapo leo.

Sasa jiulize wekundu ule umetoka wapi. Ukiacha ule mwekundu wa shingoni, udongo ulikuwa wa kijivu, au wa manjano iliyofifia, na hakuna aliyetia rangi ya dukani. Kilichomo ni chuma.

Chuma ni mmoja wa ukoo wa metali za mpito, pamoja na kromi, manganizi, kobalti, nikeli na shaba. Ukoo huu ndio unaotia rangi vitu vingi duniani, kuanzia rubi hadi kutu ya bati. Atomu zake zina nafasi tano za elektroni ambazo, atomu ikiwa peke yake, zina nishati sawa. Oksijeni zikija kuizunguka, tuseme sita, usawa huo huvunjika. Nafasi mbili zinazoelekea moja kwa moja kwenye oksijeni hupanda kwa kusukumwa. Tatu zinazopita katikati yake hubaki chini. Hans Bethe alionyesha mgawanyiko huu kwa hesabu mwaka 1929. Kati ya chini na juu kuna pengo, na ukubwa wake mara nyingi hulingana na nishati ya mwanga tunaouona. Elektroni huvuka pengo hilo kama abiria aliyeambiwa na konda alete nauli kamili kwa kuwa hakuna chenji: mwanga usiolingana hupita zake, unaolingana humezwa. Uliobaki ndio unaofika machoni petu, nao tunauita rangi.

Mwanafunzi yeyote wa kemia anaweza kulihakikisha hili kwa salfeti ya shaba. Fuwele zake za buluu ukizipasha moto zikapoteza maji huwa nyeupe. Tone moja la maji huzirudishia buluu. Shaba haikwenda popote. Waliobadilika ni majirani zake. Zinki nayo, iliyo jirani na shaba katika jedwali la elementi, nafasi zake zote zimejaa. Elektroni hazina pa kupandia, ndiyo maana chumvi zake nyingi ni nyeupe.

Chuma cha chunguni ni kigumu zaidi kukieleza. Kikishapoteza elektroni tatu, hubakiwa na tano, moja katika kila nafasi, zote zikizunguka upande mmoja. Ili moja ipande lazima igeuze mzunguko wake, jambo ambalo mwanga hulifanya kwa nadra sana. Kikiwa peke yake, basi, chuma hiki kingetoa rangi hafifu. Lakini ndani ya hematiti, oksidi nyekundu ya chuma, atomu zimebanana. Majirani wawili hubadilika kwa pamoja, na kizuizi kile hulegea. Oksijeni nayo hukipa chuma elektroni yake inapopigwa na mwanga wenye nguvu. Urujuani, buluu na kijani humezwa, na wekundu hubaki.

Haya yote mfinyanzi huyaongoza kwa kuni, nyasi na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Vyungu hukaushwa kwanza polepole, kwa kuwa unyevu uliojificha ukichemka hupasua ukuta. Moto ukifika karibu nyuzi 300, madini ya manjano yaliyomo udongoni, chuma kilichoshikana na oksijeni na maji, huachia maji yake na kuwa hematiti. Joto huendelea hadi kati ya nyuzi 600 na 900. Panapopita hewa, wekundu hukolea. Pale majivu na nyasi zinapolala juu ya chungu, moshi hukinyang'anya chuma sehemu ya oksijeni yake. Chuma cha aina mbili, kilichonyang'anywa na kisichonyang'anywa, hukaa bega kwa bega, elektroni huruka kati yao kwa mwanga wa kila namna, na uso huwa mweusi. Masizi nayo hupenya humo humo.

Chukua kigae utazame mahali kilipovunjika. Ngozi ya nje nyekundu, ya ndani nyekundu, na katikati mstari mweusi. Mstari huo unasema kwamba moto uliondolewa kabla hewa haijafika ndani kabisa kuunguza mabaki ya mimea yaliyokuwa udongoni. Ukiwa mwembamba, aliyechoma aliujua wakati wake. Hana kipimajoto. Anasoma rangi ya makaa, anasikiliza upepo utokao ziwani, anaongeza nyasi upande huu na kufunua upande ule, na kwa mti mrefu anakitoa chungu kikiwa bado kinawaka. Uamuzi huo hauwezi kurudiwa, na kazi ya siku nyingi hutegemea dakika hizo.

Ndiyo maana naona tumeupanga ujuzi wetu vibaya. Shuleni tunawafundisha watoto rangi za metali kwa chupa za maabara, nazo ni nzuri, lakini nje ya ua kuna mama anayekipa chuma oksijeni na kukinyima kwa kukusudia, akapata nyekundu anapotaka nyekundu na nyeusi anapotaka nyeusi. Mwalimu wa kemia wa Suna amwalike darasani kama mtaalamu, amlipe kama mtaalamu, na awape wanafunzi kigae kila mmoja. Wao wataleta maelezo ya elektroni. Yeye ataleta moto. Somo linawahitaji wote wawili.