Kukagua Vali na Mashine za Umeme za Enzi za Hataza

Ubora wa vali hukaa kwenye nyuso mbili zinazokutana: uso wa vali yenyewe na uso wa kiti chake. Springi, kamu, fito na mafuta yote yapo ili nyuso hizo zikutane palepale kila mara, zifunge bila kuvuja, kisha ziachane bila kukwaruzana. Katika dinamo na mota hali ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Brashi ya kaboni hukutana na komuteta ya shaba, na mahali hapo pakiharibika, usukaji mzuri wa waya hauokoi kitu. Hataza nyingi za mashine zilizotolewa kati ya mwaka 1900 na 1920 zinahusu sehemu hizi ndogo, na mkaguzi anayezijua hahangaiki kwanza na ukubwa wa mashine wala rangi yake.

Delta ya Rufiji ilizikutanisha mashine za enzi hiyo vitani kati ya Septemba 1914 na Julai 1915. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoanza kazi mwaka 1907, ilikuwa na injini mbili za mvuke zenye silinda tatu kila moja, na mvuke ulipita silinda moja baada ya nyingine huku nguvu yake ikipungua. Severn na Mersey, meli za Uingereza zilizojengwa na kampuni ya Vickers kwa ajili ya Brazil, nazo zilikwenda kwa mvuke, ila zilihitaji maji mafupi tu. Angani zilijaribiwa ndege za baharini za Sopwith zenye injini ya petroli ya Gnome Monosoupape. Joto, chumvi, unyevu na tope vilizikabili zote kwa pamoja. Mashine iliyosifiwa Kiel au Paris ilikuja kuhukumiwa upya katika vijito vya mikoko.

Ukaguzi huanzia kwenye kibati cha jina, kwa sababu ndicho kinachosomeka kabla ya kufungua nati hata moja. Herufi D.R.P. kwenye mashine ya Kijerumani zinamaanisha hataza ya dola, iliyopitia uchunguzi wa upya wa wazo. D.R.G.M. ni ulinzi mdogo wa umbo au mpangilio, uliosajiliwa bila uchunguzi wa aina hiyo. Wauzaji wengi wa vitu vya kale huzichanganya hizi mbili, wengine kwa kutojua. Ikiongezwa herufi ndogo “a” baada ya D.R.P., hataza ilikuwa imeombwa tu. Mashine ya Kiingereza husomwa kwa namba na mwaka pamoja, kwani mpaka mwisho wa mwaka 1915 London ilianza kuhesabu upya kila Januari. Namba tupu isiyo na mwaka haielekezi popote. Kuanzia mwaka 1916 hesabu ilianzia 100,001 na kuendelea bila kurudi nyuma, hivyo namba ya tarakimu sita kwenye mashine inayodaiwa kuwa ya mwaka 1910 inatosha kumfanya mnunuzi arudishe pochi mfukoni. Kibati cha Kimarekani cha miaka hiyo mara nyingi hutaja tarehe za hataza peke yake. Namba zikiwapo, ni vizuri kukumbuka kwamba hataza ya milioni moja ya Marekani ilitolewa Agosti 1911.

Kibati hutoa umri wa wazo, si umri wa chuma. Tarehe ya hataza inaweza kuitangulia mashine kwa miaka kumi na zaidi, kwa kuwa viwanda viliendelea kuchapa vibati vilevile muda wote wa ulinzi, uliokuwa miaka 14 Uingereza, 15 Ujerumani na 17 Marekani. Wala hataza haisemi kwamba kitu ni kizuri. Inasema tu kwamba ni kipya na kwamba mwenyewe anaweza kumzuia mwingine asikitengeneze. Jambo hilo ni lilelile leo kwa hataza inayosajiliwa na BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, na lilikuwa lilelile Tanganyika chini ya Mwingereza, ambako hataza ya London ndiyo iliyosajiliwa.

Maelezo ya hataza yenyewe yana ubora wake, na msomaji aliyezoea huutambua ndani ya ukurasa wa kwanza. Maelezo mazuri hutaja kasoro ya mashine zilizotangulia kwa neno moja la wazi: vali inakwama, kiti kinapinda kwa joto, brashi inatoa cheche. Kisha mchoro huonyesha kasoro hiyo inavyoondolewa, na kila herufi kwenye mchoro ina kazi katika maandishi. Madai yaliyo mwishoni huwa membamba. Maelezo dhaifu hudai kila kitu, kuanzia boila hadi propela, na mchoro wake una sehemu ambazo mwandishi hakuwahi kuzieleza.

Injini ya Gnome ni mfano wa wazo lililojua kasoro yake. Katika Gnome za kwanza, vali ya kuingizia hewa na petroli ilikaa kwenye kichwa cha pistoni na kujifungua yenyewe kwa mvuto wa hewa. Ilikuwa mahali pa moto mkali, pasipofikika kwa spana, katika injini ambayo silinda zake zote huzunguka. Monosoupape ya mwaka 1913 iliiondoa kabisa. Ilibaki vali moja ya kutolea moshi kichwani mwa silinda, na mchanganyiko wa petroli ukaingia kwa matundu yaliyotobolewa chini ya ukuta wa silinda. Kwa macho ya fundi, kuondoa vali mbaya kunashinda kuiboresha. Hata hivyo vali moja iliyobaki ilifanya kazi ya mbili, na injini ilikula mafuta ya nyonyo kwa wingi. Ndege zenyewe zilishindwa na tabianchi ya delta, jambo linalokumbusha kwamba vali nzuri haibebi mwili dhaifu.

Kinyume chake ni hataza ya Nikola Tesla iliyotolewa mwaka 1920: mfereji wenye vijishimo vya kupinda, unaopitisha maji au gesi kwa urahisi upande mmoja na kuyazuia upande wa pili bila kipande chochote kinachosogea. Hakuna kiti cha kusagika wala springi ya kuchoka. Mchoro wake unapendeza kuliko karibu michoro yote ya zama zile. Ila haufungi kabisa, na mwenye pampu anayetaka maji yasirudi mtoni usiku hapati msaada hapo. Uzuri wa wazo na ufaafu wa kazi hupimwa kwa mizani tofauti.

Vali ya chuma ikishikwa mkononi, kitu cha kwanza ni upana wa alama ya kukutana. Kwenye vali ya uyoga ya injini ya petroli au dizeli, alama hiyo inatakiwa kuwa mstari wa kijivu usiong’aa, wa upana uleule kuzunguka pande zote, karibu milimita moja na nusu mpaka mbili. Mstari mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili unaonyesha kwamba mwongozo wa fito ya vali umelika na vali inatua kwa kuinama. Mstari mpana kote ni dalili ya kusagwa mara nyingi mno kwa unga wa kusagia, mpaka kiti kimezama. Mafundi wengi husaga kwa bidii wakidhani kung’aa ndiko kufunga. Kipimo rahisi ni kumimina mafuta ya taa juu ya vali iliyofungwa: yakibaki dakika kadhaa bila kutokea upande wa pili, kiti ni kizima. Rangi ya buluu ya fundi, ikipakwa kidogo sana, husema zaidi, kwani huonyesha ni wapi hasa pasipogusa.

Vali za mvuke zina namna yake. Vali bapa ya kuteleza husukumwa na mvuke wenyewe juu ya kiti chake, hivyo hufunga vizuri lakini hula nguvu nyingi na kuhitaji mafuta daima. Ndiyo maana silinda ya shinikizo kubwa kwa kawaida ilipewa vali ya pistoni, ambayo mvuke huizunguka pande zote na hauikandamizi popote, huku silinda kubwa ya shinikizo dogo ikiachiwa vali bapa. Uso mzuri wa vali bapa hauna mng’aro wa kioo. Una mistari mifupi ya kukwanguliwa kwa mkono, iliyopishana, na mistari hiyo isiyoonekana kwa mbali ndiyo inayohifadhi mafuta. Uso uliosuguliwa kwa msasa ukawa laini kabisa umeharibiwa na mtu aliyetaka kuupendezesha. Mashine ikiwa bado inakwenda, vali huwekwa katikati ya mwendo wake, mvuke hufunguliwa kidogo, na vibomba vya kutolea maji kwenye silinda hutazamwa: mvuke ukitoka, vali inavuja.

Madini nayo yana ushahidi wake, hasa kwa mashine iliyokaa karibu na bahari. Shaba ya njano ya kawaida ikikaa muda mrefu kwenye maji ya chumvi hupoteza zinki yake na kugeuka rangi ya waridi. Umbo hubaki, nguvu huondoka, na kisu kidogo huingia ndani yake kama kwenye muhogo uliooza. Shaba nyeusi yenye bati hustahimili. Kwa hiyo kwenye vali ya pampu ya mashua au ya mashine ya maji kuanzia Nyamisati hadi mdomo wa mto, rangi ya waridi ni sababu ya kukataa bila mjadala. Juu zaidi, upande wa Ndundu, ambako Daraja la Mkapa lilichukua nafasi ya kivuko mwaka 2003, maji ni matamu na adui ni tope. Hapo vali ya chini ya bomba la kuvutia maji hukaguliwa mikwaruzo, na kiti cha mpira kinachobadilishwa kwa bei ndogo ni bora kuliko kiti cha chuma kilichosagwa kwa ustadi.

Uwezekano wa kutengenezwa ni sehemu ya ubora, na hapa Königsberg inafundisha kuliko maonyesho yoyote. Baada ya kuizamisha manowari ya Uingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilipata hitilafu ya injini na kurudi Rufiji. Vipande vilivyoharibika vilibebwa kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam kwa nguvu za wapagazi Waafrika, vikatengenezwa na kurudishwa. Hilo liliwezekana kwa sababu injini ilikuwa ya wazi: kila fito ilionekana, kila kifuniko kilifunguka kwa spana, na karakana ya kawaida yenye mashine ya kereza iliweza kunakili kipande. Mashine ya kisasa zaidi ya wakati ule, yaani tabo ya Charles Parsons, ingekuwa imekwama pale kwenye tope. Meli yenyewe ilizamishwa na mabaharia wake tarehe 11 Julai 1915.

Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika inathibitisha upande mwingine. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, ikiitwa bado Goetzen, mafundi waliipaka mitambo grisi nyingi kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 na injini zilezile za mvuke. Mashine ya zamani inayouzwa leo haina budi kutafutwa mabaki ya ulinzi wa namna hiyo ndani ya sanduku la vali: grisi ngumu iliyokauka ni habari njema, na rangi mpya ya kupuliza juu ya kutu ni habari mbaya.

Mashine ya umeme huanza kukaguliwa kwenye komuteta. Rangi inayotakiwa ni kahawia ya sawasawa, isiyo na weusi wa kuungua. Weusi unaorudia kila baada ya vipande kadhaa unaonyesha waya uliokatika au kulegea kwenye usukaji. Weusi wa kote huelekeza kwenye brashi zisizofaa au zilizokaa vibaya. Ulanga kati ya vipande vya shaba ukisimama juu kuliko shaba, brashi huruka na cheche hufuata. Mashine bora za baada ya mwaka 1905 hivi mara nyingi zina nguzo ndogo za sumaku kati ya zile kubwa. Kazi yake ni kuzima cheche mzigo unapobadilika, na kuwapo kwake ni dalili nzuri ya kiwanda makini.

Kwenye pwani, hata hivyo, kizuizi cha umeme ndicho kinachoamua. Waya wa enzi hiyo ulifunikwa kwa pamba au hariri, ukapakwa vanishi au laki. Pamba hunywa unyevu. Mwaka 1913 Sydney Evershed, mhandisi wa Uingereza aliyetengeneza vipimo vya vizuizi, alionyesha kwamba tabia ya vizuizi vya aina hiyo hutawaliwa na maji yaliyojificha ndani yake, na kwamba usomaji wa kipimo hushuka volteji ikipanda. Kwa hiyo mota iliyopimwa mara moja kwa volteji ndogo haijapimwa. Hupimwa ikiwa baridi asubuhi, wakati unyevu ni mwingi, kisha tena baada ya kukaushwa. Tofauti kubwa kati ya vipimo viwili inamaanisha vanishi imepasuka. Bakelaiti ya Leo Baekeland, iliyopata hataza mwaka 1909, ilibadilisha vishikizo vya brashi na vifuniko, na ikionekana kwenye mashine inayodaiwa kuwa ya mwaka 1902, basi kipande hicho kimebadilishwa baadaye.

Kubadilishwa si aibu. Mota iliyosukwa upya na fundi mzuri huweza kuipita ile iliyotoka kiwandani, mradi idadi ya mizunguko na unene wa waya vimefuatwa na waya umekaa kwenye mifereji bila kulazimishwa. Bei ndiyo inayotakiwa kufuata ukweli huo: mashine yenye kibati halisi, kiti cha vali cha asili na usukaji mpya huuzwa kama mashine ya kazi. Isiyo na kibati kabisa hupimwa kwa mafuta ya taa, rangi ya buluu na kipimo cha kizuizi, na ikifaulu, hununuliwa kwa bei ya chuma kinachofanya kazi, pasipo nyongeza ya historia.